Baba Alipofika kwenye Meno

Nyumbani kwetu Igogo ilikuwa mwiko kumtaja samaki kwa jina kabla hujaeleza umemjuaje. Watoto wa jirani walikula sato wao wakashiba, wakaenda kucheza. Sisi tulihojiwa kwanza. "Nani kakwambia huyu ni sato?" baba aliuliza, ameshika mkia kwa vidole viwili, ugali unapoa katikati ya meza. Ukijibu kwamba unamwona, umekosa. Ilibidi uanzie kwenye pezi la mgongoni, useme miiba inakoma wapi na ulaini unaanzia wapi, ushuke kwenye mstari wa ubavuni, utazame mdomo umeelekea mbele au juu, ndipo uruhusiwe kutamka jina na kumega tonge. Mama alisonya, akanyoosha mkono, akala. Alizoea kusema kwamba ameolewa na mwanamume anayempa samaki mtihani kabla ya kumtafuna.

Baba alikuwa mtafiti katika kituo kimoja cha samaki kando ya ziwa, na kazi yake yote ilikuwa hiyo: kumchukua kiumbe wa majini, kumkagua mwili kipande kwa kipande, na kusema ni wa ukoo gani na ndugu zake ni akina nani. Mtaani hawakuielewa kazi hiyo hata kidogo. "Yaani mtu anakwenda ofisini kuhesabu magamba?" waliniuliza, kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu. Niliwachukia kwa kicheko chao, na siku nyingine nilimchukia baba mwenyewe kwa kuwa na kazi isiyoelezeka. Baba za wenzangu walikuwa dereva, mwalimu, mpasua mbao. Neno moja, na maswali yanaishia hapo.

Katika ujana wake alisoma pwani kwa muda, na aliporudi Mwanza alibeba sanduku la mbao lililojaa chupa za wanyama wa baharini. Walikaa juu ya kabati la vyombo, wamezama kwenye dawa yenye harufu ya kuchoma pua: kiti cha pweza chenye mikono mitano kama nyota, jongoo bahari, kipande cha sponji, farasi wa baharini, na papa mchanga aliyejikunja kwa kukosa nafasi. Dawa ilikuwa imewanyonya rangi zote. Wote walikuwa na weupe mchafu wa ugali wa muhogo uliolala. Kwa kuwa sikuwa nimeiona bahari, niliamini kwamba viumbe vyote vya huko vina rangi hiyo, na kwamba bahari ni mahali pa huzuni tupu. Nilipofika pwani nikiwa mtu mzima na kuona kiti cha pweza chekundu mchangani, nilikasirika kama mtu aliyetapeliwa.

Jumapili baada ya kanisa baba alizishusha chupa na kuzipanga mezani. Mimi na kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, tulikaa upande wa pili. Mchezo ulikuwa na sheria moja: kila swali lina njia mbili tu, na huwezi kuruka swali. Ana uti wa mgongo, au hana? Kama hana, mwili wake una kushoto na kulia, au umezunguka kama gurudumu? Kiti cha pweza kimezunguka, kwa hiyo unafuata njia ile. Kama ana uti wa mgongo, ni mfupa au ni gegedu, yaani ule ugumu laini wa sikio la mtu? Papa ni gegedu mwili mzima. Unakwenda hivyo, swali baada ya swali, njia zinazidi kuwa nyembamba, mpaka unafika mahali ambapo amebaki kiumbe mmoja tu anayeweza kuwa huyo.

Tulikosea sana, na yeye alifurahia makosa yetu. Jongoo bahari tulimwita mnyoo, maana ni mrefu, laini na hana sura. Baba akamtoa, akatugusisha ngozi yake, akatuonyesha kwamba mwili wake umegawanyika sehemu tano, sawasawa na kiti cha pweza. Kumbe ni ndugu, mmoja kasimama na mwingine kalala. Farasi wa baharini tulimkataa katakata kuwa samaki, na baba akatuonyesha matamvua anayopumulia na pezi dogo mgongoni. Pomboo, ambaye alimchora kwenye karatasi kwa sababu hakuwa na chupa ya kumtosha, tulisema kwa sauti moja kwamba ni samaki. Akacheka. Ana mapafu, ananyonyesha, damu yake ni ya moto. "Umbo la nje msiliamini sana," alisema. "Kiumbe akikaa majini muda mrefu, maji humpa umbo yanalotaka yenyewe."

Bibi mzaa baba, alipotutembelea kutoka Mara, aliusikiliza mchezo ule kwa dharau. Yeye alikuwa na upangaji wake. Kamongo kwake hakuwa samaki, na mwanamke wa ukoo wetu hamli. Baba alimwambia, "Mama, kamongo ana magamba, ana mapezi." Bibi akamjibu kwamba anapumua hewa kama mtu na kiangazi anachimba shimo akalala humo. "Wewe kama unaona ni samaki, mle, utajijua na nduguyo." Hakuna aliyeshinda. Bibi aliondoka na imani yake na baba akabaki na chupa zake.

Kaka ndiye aliyekuwa na kipaji. Mimi nilikariri, yeye aliona. Kazi kubwa ya baba haikuwa bahari bali furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao mtu wa kawaida huwaona wote ni wamoja na huwatupa kwenye chungu bila kuwatazama mara mbili. Baba alituonyesha kwamba sio wamoja. Tofauti yao iko kinywani. Yuko mwenye meno mafupi ya kukwangua ukungu kwenye mawe, yuko mwenye meno mapana kooni ya kuvunjia konokono, yuko mwenye meno ya kunyofoa magamba ya wenzake. Rangi hufifia samaki akishakufa, magamba hudondoka, mapezi huchanika kwenye nyavu, lakini meno hubaki. Kaka aliweza kumbana furu shavuni kwa vidole viwili, mdomo ukafunguka, akachungulia na kusema ni yupi, wakati mimi bado natafuta lenzi. Baba hakumsifu hata siku moja, ila alikuwa akimtazama kwa namna ambayo mimi sikuwahi kutazamwa. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Baba alikagua samaki huku akitamka kila sifa kwa sauti, kuanzia kichwani, na mimi naandika. Kila sifa aliimalizia kwa neno moja. Ikilingana na samaki anayemdhania, alisema "ndiyo." Isipolingana, alisema "hapana," akamweka kando, akaanza upya. Nimesikia ndiyo na hapana za baba mara nyingi kuliko nyimbo za kanisani.

Kisha furu wakaanza kuisha. Sangara alikuwa amekwisha kuzaana ziwani, mkubwa, mwenye njaa isiyokoma, na alikuwa akiwameza wadogo wote. Mji ulimshangilia. Biashara ilikuwa imefunguliwa, wageni wenye mitaji wakaja, viwanda vya minofu vikajengwa ufukweni, malori ya barafu yakawa yanapishana mchana kutwa. Minofu ilipanda ndege, na sisi wa Igogo tulibaki na mapanki, yaani kichwa na mfupa, tukayakaanga na kuyasifia. Baba alikuwa akirudi na karai lenye furu wachache, halafu wawili watatu, halafu karai tupu. Alianza kukagua upya wale waliokuwa kwenye chupa. Nilimwona mara nyingi ameketi dirishani, ameinua chupa kwenye mwanga, anatazama samaki ambaye pengine hakuwa na mwenzake tena ziwani. Alikuwa mkimya kuliko zamani, na nyumba ikawa kimya pamoja naye.

Kaka hakuweza kuvumilia kimya kile. Aliacha masomo akaenda kufanya kazi kwenye boti la kukusanya sangara, lile linalozunguka visiwani na barafu na kurudi kiwandani likiwa limelemewa. Baba alimuuliza nani atakayezijua hizi chupa yeye akishaondoka. Kaka akajibu huku anafunga begi lake, "Baba, wewe unasoma marehemu. Mimi nataka walio hai." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kucheka, na alicheka hata wakati ule. Baba alitoka nje akasimama kwenye jua mpaka kaka alipoondoka.

Boti lilizama njiani kurudi, siku ya upepo. Wengine walisema lilibeba kupita kiasi, wengine walisema injini ilizima likageuzwa ubavu na mawimbi. Wawili waliokotwa wakiwa wameshikilia madumu, na hao ndio waliosema kwamba kaka alikuwemo na hawakumwona tena. Hapakuwa na orodha ya waliokuwamo. Kila boti siku zile lilichukua vibarua wa siku hiyo, yeyote aliyesimama ufukweni na kuonekana ana nguvu.

Tulikaa msibani bila maiti. Hilo ni jambo baya kuliko linavyosikika. Watu wanakuja, wanakaa, hawajui kama walie au wakupe moyo. Mama alikaa mkekani bila kusema kitu na bila kula. Tulimpa uji ukapoa mbele yake. Tulimpa chai akakishika kikombe mpaka mtu alipokuja kukichukua. Siku zilivyosogea mashavu yake yaliingia ndani, na nilianza kuogopa kwamba tutazika mtu mwingine kabla ya kumpata wa kwanza.

Baba mkubwa, kiongozi wa ukoo, alikuja kutoka Mara kusema kile ambacho kila mtu alikuwa anakingojea. Kwetu, mtu akimezwa na ziwa lisimrudishe, unakatwa mgomba, unavishwa nguo zake, unazikwa mahali pake, na watu wanalia wanamaliza. Bila hivyo marehemu anahangaika na nyumba inahangaika naye. Alilisema kwa upole, kofia mkononi. Mama aliinua uso, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu habari ifike. "Shemeji, mimi sikuzaa mgomba," alisema. "Nileteeni mwanangu nimlilie. Msiponiletea, mimi silii na sili." Baba mkubwa akamtazama baba. Baba akatazama chini.

Ndipo ikaja habari kwamba maji yamemtupa mtu upande wa Kamanga. Baba alivaa koti lake la kazini, akaniambia, "Na wewe njoo." Baba mkubwa alipinga kwamba binti hapelekwi mahali kama pale. Baba akajibu kwamba huyu ndiye anayeandika. Ilikuwa ni mazoea tu, maskini, wala hapakuwa na kitu cha kuandika. Tulivuka kwa feri, sisi watatu.

Walikuwa wamemlaza kwenye kibanda cha kupimia samaki, juu ya saruji, amefunikwa turubai. Baba mkubwa aliishia mlangoni kwa sababu ya harufu. Askari aliyekuwa zamu alijifunga kitambaa puani, akasema, "Shikamoo mzee. Pole sana. Mtazame haraka tu, kama ni wako umchukue, maana hatuna pa kumweka." Akafunua. Mimi nilisimama nyuma ya mgongo wa baba na sikutoka hapo. Nilichokiona kilinitosha: uso haukuwa uso tena.

Baba alipiga magoti. Akaanza, kwa sauti yake ile ile ya kazini, kuanzia kichwani. "Mwanamume. Kijana." Ndiyo. "Nywele fupi." Ndiyo. "Urefu." Alipima kwa shubiri, akasema ndiyo. "Mabega." Ndiyo. Askari alinitazama kwa macho ya kuuliza kama mzee ana akili timamu. Ngozi ya mikono ilikuwa imebambuka, alama zote za ngozi zimekwenda nayo, nguo hazikuwepo. Kisha nikaona kiwiko cha baba kinanyanyuka, na nikajua anafanya nini. Alikuwa amembana mashavu kwa vidole viwili ili mdomo ufunguke.

Alinyamaza. Nilingoja nisikie ndiyo. Halafu, Mungu anisamehe, nilingoja nisikie hapana. Hakusema lolote kati ya hayo. Katika miaka yote niliyomwandikia sikuwahi kumsikia akifika kwenye sifa na kuipita kimya. Alifunga ule mdomo kwa kiganja, taratibu, akasimama, akapangusa magoti. "Ndiye," akamwambia askari. "Huyu ni mwanangu."

Kwenye feri, sanduku likiwa nyuma ya pikapu tuliyokodi na baba mkubwa amekaa nalo, nilimvuta baba pembeni. Nilimuuliza meno yalikuwaje. Hakujifanya hakuelewa. "Yana mwanya," alisema. "Juu, katikati." Kaka hakuwa na mwanya. Meno ya kaka yalisongamana, moja limepanda juu ya jingine, na mama alimtania kwa hilo tangu utotoni. "Kwa hiyo si yeye," nilisema. "Si yeye." "Na huyu naye ana mama, baba." Aliyatazama maji. "Mama yake simjui. Mama yako namjua. Hali, halali. Ulitaka nimpelekee nini? Mgomba?"

Nilimchukia pale kwenye feri kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Huyu ndiye aliyetunyima ugali kwa sababu ya pezi moja la sato. Na papo hapo nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua kilichomgharimu. Hasira na huruma vilikaa pamoja tumboni mwangu, na havikuwahi kupatana.

Tulimzika Mara, nyumbani kwetu, pembeni ya shamba la mihogo. Sanduku lilikuwa limepigiliwa misumari na hakuna aliyetaka lifunguliwe. Mama alililalia. Alimwita kaka kwa jina lake, akamwita kwa majina ya utotoni, akamlaumu, akamwomba radhi kwa fimbo zote alizomchapa, akamsimulia alivyozaliwa siku ya mvua. Wanawake wa kijiji walimshika mabega wakamwacha alie. Alilia mpaka sauti ikakatika, ikabaki pumzi tu. Jioni ile alinawa mikono akala ugali kwa dagaa. Nilimtazama anavyotafuna, na baba naye alikuwa anamtazama kutoka upande wa wanaume.

Tuliporudi Mwanza maisha yakaanza tena, ya kuchechemea lakini yakaanza. Mama alirudi sokoni. Alianza kupanga jinsi ya kujengea kaburi. Baba, kinyume chake, alikuwa akinyauka. Mezani hakuuliza tena swali. Tulikula sato, tukala kambale, tukala mapanki, na hakuna aliyetakiwa kueleza kitu. Kituoni walikuwa wakipunguza watu, kama ilivyokuwa kila mahali miaka ile, na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alipokea habari ile bila kubadilika uso. Chupa zilishika vumbi juu ya kabati, dawa ikipungua ndani yake, migongo ya wanyama ikianza kutokeza juu na kukauka.

Yule mama alikuja mchana mmoja, mama yangu akiwa barazani anachagua dagaa kwenye ungo na mimi namsaidia. Alikuwa mtu wa umri wa mama, mrefu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alitusalimu vizuri akasema ametoka upande wa Misungwi. Alikaribishwa ndani, akakataa kiti, akaketi mkekani, na mama akaketi karibu naye na ungo wake wa dagaa. Baba alitoka chumbani kusalimiana na mgeni.

Alianza mbali, kama watu wa heshima wanavyoanza. Wao ni wakulima wa pamba, alisema, ila wanunuzi siku hizi wanakuja wanavyotaka na wanaondoka wanavyotaka, kwa hiyo mwanawe wa kwanza alikuja mjini kutafuta kibarua ziwani. Hajarudi. Wapo waliomwambia kuna boti lilizama. Alikwenda Kamanga, na askari akamwelekeza kwamba kuna familia ya Igogo ilimchukua mtu wao pale. "Sijaja kuwatonesha kidonda," alisema. "Ninyi mlimpata wenu, Mungu amlaze pema. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, baba. Siku ile mlipokwenda, hapakuwa na mwingine amelala pembeni?"

Nilimtazama baba. "Hapakuwa na mwingine," alisema. "Alikuwa mmoja tu."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Yule mama alishusha pumzi, uso wake wote ukalegea. "Basi ninashukuru," alisema. "Nilikuwa ninaogopa sana. Kama hayumo majini, basi yuko visiwani huko, ujana umemchukua, atarudi." Alitabasamu, akaanza kutafuta viatu vyake. Kisha, kwa furaha tu, kama mama anavyopenda kumtaja mwanawe, akaongeza, "Mkikutana naye mtamjua mara moja. Ana mwanya hapa, mpana. Anaupigia mluzi, ukimsikia unadhani ndege."

Baba hakuuliza kitu. Maisha yake yote hakuwahi kutajiwa sifa ya kiumbe chochote asiulize ya pili, na mama yangu alikuwa amelala kitanda kimoja na maswali hayo tangu ujana wake. Mkono wake ukasimama juu ya dagaa. Mwenye macho haambiwi tazama. Akauliza yeye.

"Mwanya wa juu au wa chini, mayu?" Alimwita mama kwa Kisukuma, kwa lugha ya mgeni.

"Wa juu."

Mama akageuza kichwa kwa baba. "Na yule?"

Baba alikuwa amesimama kati ya kabati na mlango, mikono imening'inia. "Wa juu," akasema.

Mgeni alikuwa bado ana kiatu kimoja mkononi na tabasamu lake halijaondoka lote. Alitutazama mmoja mmoja. Mama aliuweka ungo chini, akasogea juu ya mkeka mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mikono yote miwili. "Mayu," alisema, "mwanao tunaye sisi. Tumemzika kwetu, Mara. Tulidhani ni wa kwetu."

Nilijikaza kuungoja ukelele wa mgeni, lakini haukuja. Yule mama alipepesa macho kama mtu aliyetoka juani kuingia gizani. Baba alisimama mlangoni na hakuna aliyemwangalia. Hatimaye mgeni alisema, kwa sauti ndogo sana, "Alililiwa?"

"Nilimlilia mimi," mama alisema. "Nilimlilia mpaka sauti ikanikatika."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kwikwi. Halafu akamtazama mama yangu usoni, akauliza, "Na wako?"

"Wangu," mama alisema, "hajaliliwa na mtu."

Mgeni akauliza jina la kaka yangu. Mama akamtajia. Yule mama akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaanza kumlilia.